Ng'ombe Tuliowaweka Shuleni

Ukungu wa huku kwetu una tabia yake. Unaamka chini mtoni, unapanda polepole katikati ya michai, na kabla hujamaliza kuwafunga maksai nira, kilima kizima kimeondoka. Unabaki wewe, pumzi ya maksai, na sauti za watu usiowaona. Mimi ni mzee sasa. Nina chai yangu, nina ng'ombe wa gredi, nina nyumba ya mawe, na hakuna mtu anayeweza kusimama aseme alinipa hata kijiko. Lakini ukungu ukinikuta nje asubuhi, miaka yote inayeyuka. Nasikia maziwa yakigonga ndani ya debe pale shuleni, na nasimama tu kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Shule yenyewe niliiona miaka miwili. Nilijua kusoma na kuandika jina, halafu nikaenda kuchuma chai na mama, kwa sababu tumbo halikungoja. Kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa hapa. Nitasema nilivyoona.

Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu. Shule yetu ilikaa juu ya mteremko, upande huu mashamba yetu, upande ule shamba kubwa la chai la wazungu. Kuta zilikuwa za udongo, paa la nyasi. Alasiri moja mvua ya mawe ilishuka ikalitoboa lile paa kama ungo, na watoto wakatoka mbio wamefunika vichwa kwa vibao vyao vya kuandikia. Mimi nilikuwa napita na mkokoteni wa kuni za kiwanda. Nakumbuka nyasi zote zilikuwa nyeupe, watoto wanaokota barafu wanakula, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni akitazama mbingu kupitia paa lake mwenyewe.

Baadaye alikuja mkaguzi. Akasema shule hii haitapewa darasa la tano mpaka iwe na kuta za mawe, mabati juu, na kiwanja sawa cha watoto kukimbilia na kuchezea mpira. Kiwanja tulichokuwa nacho, mpira ukipigwa vibaya ulifuatwa mpaka mtoni. Bila darasa la tano mtoto angemaliza la nne halafu angekuja kambini, kwenye makazi ya vibarua wa shamba la wazungu, kuchuma chai kama mimi.

Mkutano ulifanyika pale chini kwenye udongo wa chumvi, kwa sababu wazee walikuwa wamepeleka ng'ombe kulamba na hawakutaka kuwaacha. Ng'ombe walilamba, watu waliongea. Mwalimu mkuu alikuwa kijana mwembamba aliyesomea upande wa Kabianga, mwenye sauti ndogo, ikabidi tunyamaze ili tumsikie.

"Sitaki mchango," alisema. "Mchango mtu akitoa ameaga. Nataka nyinyi wote mkopeshe shule. Kila nyumba iweke kitu, shule ikitumie, na siku shule itakaposimama kila mtu arudishiwe chake."

"Turudishiwe na nani?" akauliza bibi mmoja. "Na hawa watoto wenye kamasi?"

"Na shule, bibi."

"Shule ina mikono?"

Watu wakacheka. Ndipo mzee wa kamati ya shule akainua fimbo. Huyu mzee alikuwa na pengo mbele na masikio marefu yaliyotobolewa zamani, na alikuwa na binti ambaye mimi nilikuwa nimemchumbia. Nitamrudia.

"Mwalimu," akasema, "hicho kitu unachotafuta kina jina. Ni kimanagan."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze. Sisi Wakipsigis mtu hakai na ng'ombe wake wote zizini. Anawaweka kwa watu: mmoja kwa shemeji, mmoja kwa rafiki ng'ambo ya mto. Anayewekewa anachunga na kunywa maziwa. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ndama pia, ila ukitunziwa vizuri unamwachia mtunzaji mtamba siku ya kuchukua. Na jambo hili halitangazwi. Unaweza kuona zizi limejaa na usijue hata mmoja ni wa nani. Ndiyo adabu yake. Ugonjwa ukija, au mwizi, au ndugu mwenye tamaa, hawawezi kukumaliza mahali pamoja.

Mzee akasema kila nyumba iweke shuleni ng'ombe mmoja anayekamuliwa. Maziwa yauzwe kambini kwa wachuma chai, ambao wengi walitoka upande wa Kisii na upande wa ziwa, na hawakuwa na ng'ombe. Pesa ya maziwa ilipe fundi na mabati. Ukuta ukiisha na paa likipanda, kila mtu achukue ng'ombe wake.

Mwalimu akasema huo ndio mkopo wenyewe aliokuwa akitafuta maneno yake.

Mimi nilisimama. Sikuzoea kuzungusha maneno. "Ng'ombe wa kuweka sina," nikasema. "Nina mikono. Nipeni maksai wenu, nitawasawazishia hicho kiwanja mpaka ukiweka yai lisibingirike. Lakini ng'ombe msiniulize."

"Kijana wa kambi," mtu akanitania kutoka nyuma, "ng'ombe ungemtoa wapi? Kwenye gunia la chai?"

Nilikaa, nikameza. Kwa sababu ng'ombe nilikuwa naye.

Nilimnunua kule sokoni Mulot kwa mshahara wangu wa kuendesha mkokoteni, akiwa mtamba, wa rangi ya majivu na paji jeupe. Nilitembea naye kutoka kule nyasi ndefu mpaka huku kwenye michai, tukilala kwa watu njiani, na nilimpigia mluzi mmoja tu njia nzima mpaka akaujua. Kambini ng'ombe hawakuruhusiwa. Baba alikuwa amekufa, na ndugu zake wangemla siku ya kwanza. Nikamweka kwa mjomba, kaka yake mama, na mjomba akanyamaza kama inavyotakiwa.

Huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa ndoa yangu. Mzee wa kamati alikuwa amesema mambo mengine ya mahari yanaweza kungoja, lakini ng'ombe wa kwanza, mwenye maziwa, asimame mbele ya macho yake kabla ya mavuno ya wimbi. La sivyo binti ataenda kwa karani wa kiwanda, ambaye alikuwa na baiskeli na tayari alishaonekana akiisukuma kwenye njia ya kwao. Binti mwenyewe alinijua. Aliniambia, "Mimi nitangoja mpaka wimbi. Baada ya wimbi usinilaumu."

Basi nikaanza kazi ya kiwanja. Asubuhi kuni za kiwanda, mchana kiwanja, na siku ya mapumziko tangu alfajiri. Tulikata udongo upande wa juu kwa sururu, nami nikauvuta chini kwa maksai na ubao mzito uliofungwa minyororo. Watu wasiokuwa na ng'ombe walikuja na majembe. Fundi wa mawe, Mkisii mnene aliyependa kuimba, aligonga mawe yake kando na kutugombeza kwa vumbi. Udongo wetu ni mwekundu na laini. Ukiukata mvua ikiwa imenyesha jana unatoa harufu ya mkate. Siku nyingine nilifuata ule ubao nikaona kama si mimi ninayetembea, kama ni kilima kinachopita chini ya miguu yangu taratibu, kikitafuta mahali pa kulala.

Ng'ombe wa shule walianza kuletwa asubuhi moja ya ukungu. Sikuwaona. Nilisikia kwato kwanza, na kengele, na watu wakiitana majina ya nyumba. Halafu pembe zikatokea, kisha vichwa, kisha ng'ombe mzima akipita kimya kama amechorwa kwa moshi. Mmoja mwekundu. Mmoja mweusi mwenye kiuno cheupe. Walikuwa wanatoka weupeni na kuingia weupeni, na mimi nimeshika minyororo nimetulia, nimesahau hata kuwasimamisha maksai vizuri. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine.

Kisha likatokea paji jeupe, na shingo ya rangi ya majivu, na nyuma yake mjomba na kamba.

Sijui kwa nini nilipiga mluzi. Mdomo ulifanya wenyewe. Ng'ombe akageuka, akamvuta mjomba kupita watu wote, akaja akaweka pua yake kifuani kwangu. Wanawake wakacheka.

"Huyu amekupenda," mmoja akasema. "Mwambie mjomba wako akupe. Utaoa lini wewe?"

Mjomba hakunitazama. Nilimvuta kando, nyuma ya mawe ya fundi.

"Mjomba, huyu ni nani?"

"Unamjua."

"Umemtoa ng'ombe wangu?"

"Sema polepole." Aliangalia nyuma. "Wewe weri, kijana wangu, fikiri. Watu wote wanamwona zizini kwangu, ndiye pekee anayekamuliwa. Wanakuja wanasema, wewe huyu wa majivu anatosha. Ningekataa ningesema nini? Ningesema ni wa nani?"

"Ungesema si wako."

"Halafu baba zako wadogo wasikie jioni hiyo hiyo? Uliniambia ninyamaze. Nimenyamaza."

Mjomba akaonyesha kwa kidevu upande wa ng'ombe, ambao sasa walikuwa wameanza kula nyasi pembeni mwa kiwanja.

"Na usidhani ni mimi peke yangu," akasema. "Yule mweusi ni wa mtu wa Kapsoit. Yule mwenye pembe moja, mwenye mali namjua, hata hayuko wilaya hii. Watu hawa wote wameweka walichowekewa. Ukivuta kamba ya wako leo, kesho kila mwenyewe atakuja kuvuta ya kwake. Utabaki na mwalimu na debe tupu."

Hivyo ndivyo tulivyokopesha shule. Kijiji kizima kilitoa kwa moyo mweupe ng'ombe wa watu wengine. Sijasikia mahali pengine watu wamefanya hivyo, na sidhani watu wengine wangeweza. Mwalimu mkuu alipita katikati yao akiwashukuru mmoja mmoja, akisema hakujua tuna mali nyingi namna hii.

Nilifanya kazi pale wiki nyingi nikimtazama ng'ombe wangu akikamuliwa. Aliyesimamia ukamuaji alikuwa mzee wa kamati mwenyewe, baba wa mchumba wangu, na kila asubuhi alimkamua wa majivu kwa mkono wake kwa sababu ng'ombe huyo hakukubali mkono wa mwingine. Fikiria hilo. Aliyetaka kuona ng'ombe wangu alikuwa ameegemeza kichwa chake ubavuni mwa ng'ombe wangu, na mimi napita na ubao. Ukuta ulipanda mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Kiwanja kilianza kulala sawa. Na kule mashambani wimbi liligeuka rangi, kwanza kijani kizito, halafu kahawia juu kama kichwa cha mtoto aliyekaa juani.

Siku moja binti alipita na mtungi. Hakusimama. Alisema akiwa anatembea, "Wifi zangu wameshanoa visu vya wimbi."

Mila inasema mchumba haendi kwa baba wa msichana peke yake. Wanatumwa wazee. Lakini mzee wangu wa kumtuma alikuwa mjomba, na mjomba hakuweza kusema jambo hili bila kujivua nguo. Nikafungua maksai saa sita, ukungu ukiwa umerudi kama unavyofanya mvua ikikaribia, nikamfuata mzee alipokuwa amekaa juu ya jiwe lililochongwa, akiosha madebe.

"Mzee," nikasema, "ng'ombe wako wa kwanza ni yule pale."

Aliinua macho. "Yule wa mjomba wako?"

"Zizi ni la mjomba. Ng'ombe ni wangu. Nilimtoa Mulot."

Aliendelea kusugua debe kwa nyasi, taratibu, mpaka nikaona atalitoboa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mjomba. Na sasa wewe."

"Ungeweza kumtoa. Ni haki yako."

"Nikimtoa, wengine watatolewa. Ukuta umefika hapa." Nikaonyesha kifua changu. "Nimesota kwenye kiwanja hiki, mzee. Sitaki kiote magugu."

"Kwa hiyo unaniletea ng'ombe aliye kwenye mkopo."

"Nakuletea ng'ombe unayemkamua kila siku. Mwingine angekuletea mgeni, ukamjua kasoro baadaye. Huyu unamjua."

"Anapiga teke la kushoto," mzee akasema.

"Tangu Mulot."

Alicheka kidogo kupitia pengo, kisha uso ukarudi. Ukungu ulikuwa umemeza ukuta, umemmeza fundi, umebakiza nyimbo zake tu na nyundo. Tulikuwa wawili na ng'ombe waliotokea na kupotea. Nilihisi kwamba maisha yangu yote yamekaa ndani ya hilo debe na huyu mzee analisugua.

"Yule mwekundu niliyemtoa mimi mbele ya watu," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "ni wa shemeji yangu. Hajui. Nikilala namwona akija na kamba."

Akasimama. Alichuma nyasi mbichi konzi moja, akaenda mpaka kwa wa majivu, akaziweka mgongoni mwake, akamtemea mate kidogo kwenye paji kama tunavyobariki. Ng'ombe hakuinua hata kichwa. Aliendelea kula. Na pale pale, bila kusogeza kwato, aliacha kuwa wangu akawa wa baba mkwe wangu, akiwa bado wa shule.

"Wataniuliza ng'ombe yuko wapi," mzee akasema. "Nitawaambia nimemweka kwa mtu. Hawawezi kuniuliza zaidi, si adabu. Lakini wewe watakucheka. Watasema umeoa bure. Utavumilia?"

"Nitavumilia."

"Una mdomo mkali. Utaufunga?"

Nikamwambia nitajaribu.

Na walinicheka kweli. Tulioana baada ya wimbi, pombe ikanywewa, na kabla haijaisha niliitwa mwoaji wa mikono mitupu. Karani wa baiskeli alikuwa mtu wa kwanza kulisema kambini. Kwa mtu mwenye kiburi kama mimi, na kiburi ninacho mpaka leo wala sikionei haya, kule kunyamaza kulikuwa kazi kubwa kuliko kusawazisha kilima. Nilipita katikati ya hayo maneno kama unavyopita katikati ya michai yenye umande. Unalowa mpaka mapajani, lakini unapita. Jioni mke wangu alikuwa ananipa chakula anasema, "Leo wamesemaje?" Nikimwambia, anacheka mpaka anashika ukuta.

Mabati yalipanda msimu uliofuata. Siku ya kuchukua ng'ombe, kijiji chote kilikuja, na pia watu tusiowajua. Walikuwa wamesimama pembeni mwa kiwanja na kamba mikononi: watu wa Kapsoit, watu wa ng'ambo ya mto, mmoja mwenye blanketi la Mulot. Wenye ng'ombe walikuwa wamesikia. Sijui kwa nani. Ukungu ulikuwa mwembamba, unapita kwa mafungu, jua linauingia na kutoka. Mwalimu mkuu alifungua ua, na ng'ombe wakaanza kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyekwenda alikotoka. Mweusi alishika njia ya Kapsoit. Mwenye pembe moja alivuka mto. Mwekundu alichukuliwa na mtu mrefu aliyemsalimia mzee wa kamati kwa muda mrefu sana bila kuachia mkono wake. Waliowaleta walibaki na kamba tupu, wanatazamana, na kicheko kikaanza upande mmoja kikazunguka kiwanja kizima.

Kila mwenye ng'ombe alipoondoka aliacha mtamba au ndama nyuma, maana shule ilikuwa imetunza vizuri. Mwalimu alikimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

"Hapana, hapana, ni sisi tunaowarudishia," akasema. "Ni mkopo."

"Kwani nani aliyekunywa maziwa?" mtu wa Mulot akamwuliza. "Si shule? Basi shule ndiyo mtunzaji. Chukua, mwalimu, usituaibishe."

Mzee wa kamati alikuja wa mwisho. Alimfunga wa majivu kamba shingoni, mbele ya karani, mbele ya wifi za mke wangu, mbele ya mjomba wangu aliyekuwa akitazama viatu vyake, akasema kwa sauti ya mkutano, "Huyu ni mahari ya binti yangu. Amekaa hapa tangu siku ya kwanza, na huyu mkwe wangu hakusema." Kisha akamvuta akaondoka naye, akigeuka mara moja kuniambia kwamba ndama wake amemwachia shule, nisimdai.

Yule aliyenitania siku ya mkutano alikuwa karibu yangu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyatunza mwaka mzima. Nikafungua mdomo. Mke wangu akanishika kiwiko.

"Acha," akasema. "Twende, mvua inakuja na nimeanika majani ya mboga."

Tukashuka. Nyuma yetu watoto walikuwa wameshaingia kiwanjani, wanakimbia miguu mitupu kati ya samadi, na hakuna aliyekuwa akiwaambia waanze au waishie wapi. Nilitaka kugeuka niangalie kama udongo wa upande wa chini umeshika. Mke wangu alikuwa ameshatangulia, ukungu unampokea, anauliza bila kugeuka kama nyumbani kuna chumvi.

"Hakuna," nikasema.

"Basi tupitie dukani."